Vumbi la Dodoma, Chumvi ya Tanga

Ba'mdogo hana desturi ya kupiga simu usiku. Aliponipigia mwezi wa Juni, saa nne ikikaribia, niliacha sahani ya ugali mezani nikatoka nje kumsikiliza. Aliuliza hali ya mama, akauliza hali ya mahindi, kisha akasema taratibu: "Gari la baba yako linaliwa, mwanangu. Masika nyingine halitaivuka. Ukilitaka, njoo. Na uje na nguo za kazi."

Gari lenyewe ni Peugeot 504 nyeupe, ambayo watu wa rika la baba huiita Pijo tu. Marehemu aliinunua mwaka 1988 kutoka kwa mtu aliyekwisha kuitumia miaka mingi. Akiwa afisa kilimo, aliiendesha katika barabara za Kondoa na Mpwapwa mpaka akastaafu. Kisha siku moja akaiendesha hadi Tanga, kwenye harusi ya binti wa Ba'mdogo. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na sherehe ilipokwisha, yeye mwenyewe alisema hawezi tena kuishika barabara ile. Akamwachia mdogo wake funguo, akarudi kwa basi, akiahidi kuja kulichukua gari macho yakipona. Hayakupona. Gari likakaa Tanga miaka tisa.

Mimi nimezaliwa na kukulia Dodoma. Mpaka usiku ule nilikuwa sijawahi kuiona bahari, wala sijawahi kushika nyundo mbele ya bodi ya gari. Kwetu chuma hufa kwa kuvunjika au kwa kulika na mchanga. Jembe ukilisahau uani kwa mwaka mzima, utalikuta limepauka, limepata wekundu kidogo shingoni, ulisugue kwa mchanga uende nalo shamba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zikikatika mwezi wa Aprili hewa hukauka hadi midomo inapasuka. Neno la Ba'mdogo kwa hiyo lilinikaa kichwani bila maana. Linaliwa na nini?

Basi lilitoka Dodoma saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili ya kwanza ya Julai. Nilikaa dirishani na begi miguuni, ndani mna ovaroli ya baba. Kibaigwa na Gairo zilipita kukiwa bado na baridi. Morogoro milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu, na hapo ndipo nilipoanza kuyatazama mabati ya nyumba, kwa sababu ya lile neno. Tangu Dodoma hadi Gairo mabati yalikuwa ya kijivu, yamebeba vumbi. Chalinze tulikata kushoto kuifuata barabara ya kaskazini, tukavuka mto Wami, tukaipita Mkata, na Segera tukaiacha njia ya Korogwe na kushika ya Muheza, ambako machungwa yalikuwa yamepangwa kando ya lami kama vichuguu vya rangi. Baada ya Muheza mabati yakabadilika. Yalikuwa ya kahawia, na pembe zake zimetoboka kama jani la muhindi lililopitiwa na viwavi.

Kuelekea Pongwe niliona kwa mara ya kwanza mashamba ya mkonge, mistari imenyooka hadi macho yanachoka. Zao hilo ndilo lililomleta Ba'mdogo huku akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka katika hiyo yakatokea mashamba yaliyowavuta watu wa makabila mengi kuja kukata na kusindika. Ba'mdogo hakukaa sana kwenye kukata. Alichukuliwa karakana, akajifunza kuchomelea, akafanya kazi ya kukarabati mitambo ya korona, yaani kinu cha kusindikia mkonge, ambako maji ya mkonge huwasha ngozi ya binadamu na kula chuma cha kinu. Miaka thelathini na zaidi aliitumia akipambana na kutu. Alipostaafu alijenga Sahare, mtaa wa wavuvi, na nyuma ya nyumba akaweka banda la makuti, meza ya chuma, na vifaa vyake.

Nilifika usiku. Bahari sikuiona, niliisikia tu. Asubuhi, baada ya shikamoo na chai ya mkandaa, Ba'mdogo alinipeleka uani. Kabla hajavuta turubai, alipitisha kidole chake juu ya kioo cha dirisha la nyumba, kisha akaniambia nami nipitishe changu. "Haya, lamba." Nikalamba. Kilikuwa na chumvi kama cha mtu aliyetoka kula samaki. "Hicho ndicho kinacholila gari," akasema. "Kusi inapovuma hivi, kila siku bahari inatupakaa."

Akavuta turubai. Nilishangaa, kwa maana niliona gari zuri. Weupe umefifia lakini umetulia, taa zile za mbele zenye pembe kama macho yaliyokazwa, buti iliyokunjika kwa nyuma, na simba wa Peugeot bado amesimama mbele kwenye nafasi yake. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 likachaguliwa gari la mwaka barani Ulaya. Lakini sifa yake kwetu haikutoka Ulaya. Ilitoka kwenye tope la mashindano ya Safari Rally, ambayo Ove Andersson aliyashinda kwa 504 mwaka 1975. Kabla yake, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, aliyashinda kwa kaka yake 504, yaani 404. Baba alilijua jina la Shankland kama watoto wa leo wanavyowajua wachezaji wa mpira, na alipoinunua Pijo yake alisema amenunua gari lililokwisha kujibu maswali yote ya barabara zetu.

Ba'mdogo akanipa nyundo ndogo. "Gonga polepole kuanzia juu kushuka chini. Usitazame. Sikiliza."

Kwenye paa bati lililia, sauti nyembamba inayokwenda mbali. Kwenye mlango likalia. Nikashuka kwenye kizingiti, ile sehemu ndefu iliyo chini ya milango, inayopita kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na hapo sauti ikafa. Ilisema pu, kama mtu anayegonga gunia. Nikagonga tena nikidhani nimekosea. Pu. Ba'mdogo alichukua bisibisi, akaiegemeza pale bila kuisukuma sana, ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa ilitoka na unga wa puti, kutu, na kipande cha gazeti.

Nilikaa chini. Kumbe weupe ule ulikuwa juu ya karatasi. Miaka kadhaa kabla ya safari yake ya mwisho, baba alilipeleka gari kwenye gereji moja lipakwe rangi upya, akalipa fedha ambazo mama anazikumbuka mpaka leo. Waliopokea kazi ile walikuta matundu, wakayashindilia magazeti, wakapaka puti nene juu, wakapiga msasa na rangi. Baba aliondoka akitabasamu. Chini ya rangi maradhi yakaendelea, tena kwa raha zaidi, kwa sababu sasa yalikuwa na kivuli na karatasi ya kushika unyevu.

Siku hiyo yote hatukukata kitu. Tulilizunguka gari na chaki, na Ba'mdogo akanifundisha kusoma. Kutu inahitaji vitu vitatu tu: chuma, maji na hewa. Chumvi haianzishi moto huo, ila inauchochea, kwa sababu maji yenye chumvi hurahisisha mwendo wa umeme mdogo unaopita juu ya chuma kinapooza, na tena chumvi huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Chuma kikishageuka kutu hupanuka, huchukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa, ndiyo maana rangi hutoka malengelenge. Lengelenge dogo kama punje ya mtama kwa nje linaweza kuwa na jeraha la ukubwa wa kiganja kwa ndani. Tulipiga chaki chini ya raba ya kioo cha mbele, sakafuni miguuni mwa dereva, kwenye kitako cha betri, nyuma ya taa, juu ya magurudumu ya nyuma, kwenye sakafu ya buti, na sehemu za kuwekea jeki. Zaidi ya yote vizingiti, vyote viwili.

"Hili halina chesisi ya peke yake kama lori," Ba'mdogo alisema. "Bodi ndiyo mifupa. Kizingiti kikiisha, gari linajikunja katikati kama kitabu."

Kazi ilianza Jumanne. Tulitoa betri, tukashusha tangi la mafuta na kulipeleka mbali, tukang'oa viti na mazulia, tukaweka ndoo ya maji na ndoo ya mchanga mahali pa kufikika. Kisha Ba'mdogo alifanya jambo ambalo nisingelifikiri: kabla ya kukata, alipima upana wa mwanya wa kila mlango kwa kipande cha mbao, akaandika namba ukutani kwa mkaa. Akachomelea pau ya chuma ndani ya gari, kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya katikati, na kuliegemeza gari juu ya magogo ya mnazi yaliyosawazishwa kwa pima maji. "Ukikikata kizingiti bila kulishika gari, linashuka kidogo usipopaona. Utachomelea vizuri, utapaka rangi vizuri, halafu mlango hautafunga maisha yako yote." Tena tukakubaliana: upande mmoja kwanza, umalizike kabisa, ndipo tuguse wa pili.

Nikapewa tindo na mkasi wa bati. Kukata kwangu kwa kwanza kulikuwa kwa hofu. Nilifuata mstari wa tundu, nikaacha ukingo wa kahawia ambao niliona bado una nguvu. Ba'mdogo alikuja, akauinamisha ukingo ule kwa vidole viwili, ukavunjika kama biskuti. "Kata." Nikakata tena. Akaupiga nyundo, ukatoka magamba. "Kata." Tundu lililokuwa kama sarafu likawa kama sahani, sahani ikawa sinia. Nilimwambia tukiendelea hivi gari litakwisha. Hakukasirika. "Gari lilikwisha zamani, mwanangu. Tunatafuta linapoanzia." Tulikata mpaka grenda ilipogusa bati likang'aa jeupe pande zote, bila doa. Pale ndipo palipoanzia gari la baba.

Alhamisi mchana tukafungua kizingiti cha kushoto kwa urefu wake. Kizingiti kwa ndani ni sanduku refu la bati, giza tupu, na nilitarajia kukuta kutu. Kutu ilikuwamo, lakini haikuwa peke yake. Nusu ya sanduku ilijaa udongo. Ulikuwa umelowa, mzito, mwekundu wa tofali, umejishindilia kama wa kufinyangia chungu. Ardhi ya Sahare ni mchanga wa kijivu wenye chembe za matumbawe. Ba'mdogo aliuchota kiganjani, akauvunja kwa kidole gumba, akaunusa, akakaa kimya muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Huu wa kwetu," akasema. "Huu wa Dodoma."

Mtu huyu aliondoka nyumbani kijana, na kwa miaka tisa alikuwa akipita kando ya gari lile kila asubuhi bila kujua kwamba limembebea ardhi ya kwao.

Lakini udongo umeingia vipi, na kwa nini haukutoka? Jibu nililipata mimi, na lilinichoma. Chini ya kizingiti, kwa mpangilio, palikuwa na uvimbe mweusi. Nilipoukwangua niliona lami, na ndani ya lami kipande cha mpira wa tyubu. Nikaona kingine, na kingine. Pale pale nikakumbuka: mimi mtoto wa darasa la pili, usiku, nimechuchumaa kando ya Pijo nikimshikia baba tochi. Baba amelala chali chini ya gari na kopo la lami. Barabara ya Kondoa wakati ule ilikuwa ya vumbi mwanzo hadi mwisho, na vumbi liliingia garini mpaka kwenye meno. Baba alikuwa akiziba matundu ya chini. Aliyaziba yote, moja baada ya jingine, akiniambia nisogeze mwanga. Nilijivunia sana kazi ile.

Matundu yale yaliwekwa na waliolitengeneza gari, makusudi, ili maji yanayopenya kutoka milangoni na kwenye kioo yashuke na kutoka. Dodoma kuyaziba hakukuwa na madhara makubwa. Vumbi laini liliendelea kupenya kwa njia zake za juu, likatulia kizingitini, na maji machache ya msimu yalikaushwa na jua. Kisha gari likaja pwani. Udongo uliokuwa mkavu ukanywa maji ya masika, ukanywa ya vuli, ukanywa chumvi ya kusi, na kila tone lililoingia halikupata pa kutokea. Miaka tisa chuma kimelala kwenye kitambaa kilicholowa. Kinga ya kule ndiyo iliyokuwa sumu ya huku.

Jioni ile sikula vizuri. Jirani wa Ba'mdogo, mzee ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa mashua, alikuja kama kawaida yake kukaa kwenye benchi. Nilimwamkia, nikamwonyesha kipande cha lami. Alikigeuzageuza.

"Baba yako hakukosea, mjukuu wangu. Alifanya kama mtu anayekwenda safari. Akiwa safarini mtu huziba." Akaninyooshea mkono ufukweni, ambako mashua moja ilikuwa imepandishwa mchangani. Akanieleza juu ya nguruzi, kizibo kidogo cha mti kilicho chini ya chombo. Baharini nguruzi hukazwa barabara. Chombo kikipandishwa pwani, kitu cha kwanza nahodha mwenye akili anachofanya ni kuchomoa nguruzi, ili maji ya mvua yanayojikusanya kwenye ngama yatoke. Maji ya bahari hayaozeshi mbao upesi kama maji ya mvua. "Vyombo vingi nilivyovitengeneza mimi havikuharibikia baharini. Viliharibikia hapa, vimelala, mtu kasahau nguruzi."

Niliyasikiliza maneno yale, na uzito uliokuwa kifuani ukapungua. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Palikuwa na gari lililobadilishiwa hali ya hewa na hakuna aliyelichomolea nguruzi.

Kuanzia hapo nilifanya kazi kwa moyo mwingine. Tulichora ruwaza za viraka kwenye makaratasi ya maboksi, tukazihamishia kwenye bati la milimita moja. Tulilikunja bati juu ya ukingo wa meza ya chuma kwa nyundo ya mbao, tukiigonga mikunjo kidogo kidogo, maana bati likipigwa kwa pupa hutanuka na kutoa tumbo. Kipande kikikataa kukaa, hakikulazimishwa. Kilirudi mezani. Mara nyingi nilikirudisha mara tano.

Kisha moto. Ba'mdogo anatumia gesi anayoitengeneza kwa kabaidi na maji katika mtungi uliowekwa mbali, kivulini, na harufu yake kama ya kitunguu saumu ilinikaa puani hata usingizini. Aliniweka kwanza kwenye mabaki ya bati kwa siku mbili. Siku ya kwanza nilitoboa zaidi ya nilivyounga. Bati la gari ni jembamba, na moto ukisimama mahali kwa nukta moja zaidi, dimbwi la chuma kilichoyeyuka hudondoka na kukuachia tundu. Nilijifunza kuitazama rangi: inapoanza kung'aa kama jicho lenye machozi, unasogea. Nilijifunza pia kutochomelea kwa mstari mmoja. Unashikiza nukta moja huku, nukta nyingine kule mwisho, nyingine katikati, unaweka kitambaa kilicholowa kando, unasubiri bati lipoe. Ukikimbia, joto linalipinda, na kazi ya wiki nzima inakuwa mawimbi.

Jumamosi moja nilifanya kosa ambalo sitalisahau. Nilikisaga kiraka kizuri kwa grenda hadi kikawa kama kioo, giza likaingia, nikakiacha bila kitu nikaenda kulala. Asubuhi kilikuwa na rangi ya chungwa, na katikati yake alama za vidole vyangu zimejichora wazi, mahali jasho lilipogusa. Usiku mmoja tu. Ba'mdogo alinionyesha bila kusema neno, akanipa msasa. Tangu hapo sikuacha bati uchi machweo yakifika. Penye vishimo vidogo tulipaka asidi ya fosforiki mpaka kutu ikageuka nyeusi, tukaosha, tukakausha, tukapaka praima yenye zinki siku ile ile. Zinki, alinieleza, hujitoa iliwe yenyewe kabla ya chuma, na hiyo ndiyo kazi yake.

Puti tulitumia, sitaficha. Lakini ilikuwa nyembamba kama samli juu ya chapati, ya kusawazisha makovu ya moto tu, juu ya bati zima. Rangi ilichukua siku mbili na sina mengi ya kuisimulia. Mtu akilisifia gari leo husifia rangi, nami hunyamaza, maana najua kazi iko wapi.

Kabla ya kukifunga kizingiti cha pili, Ba'mdogo aliniachia keekee. "Matundu utoboe wewe." Nililala chali chini ya gari la baba, ndani ya ovaroli yake, nikatoboa kwa kufuata nafasi zile zile za kiwandani, sita kila upande, nikaulainisha ukingo wa kila tundu na kuupaka praima. Kisha tukayeyusha nta ya nyuki pamoja na oili safi ndani ya sufuria iliyokalia maji ya moto, tukaipuliza ndani ya vizingiti ikiwa bado nyepesi, hadi ikachuruzika kwenye matundu mapya na kuganda ukingoni. Nikachukua kijiti nikayazibua tena, moja baada ya jingine.

Ba'mdogo alipima mianya ya milango akailinganisha na namba za mkaa ukutani. Zilikuwa zile zile. Akaufunga mlango wa dereva kwa kidole kimoja.

Breki, matairi na injini vilishughulikiwa na fundi wa mtaa wa pili, na Jumatano ya wiki ya nne niliaga. Ba'mdogo aliniletea kopo la maziwa lililojaa udongo mwekundu ule uliotoka kizingitini. Nilidhani ananipa niurudishe nyumbani. Alitaka tu niuone kwamba umekauka. "Huu nabaki nao," akasema, akauweka dirishani, palipo na chumvi.

Nilipoipita Muheza, mvua ya mchoo ilinikuta. Si mvua kubwa, lakini ilikaza uzi hadi Kabuku, na moyo wangu wote ulikuwa miguuni, nikisikiliza sakafu. Mkata jua lilitoka. Nilisimama kando ya barabara, nikapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, nikainama kutazama chini ya kizingiti. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye matundu, tundu baada ya tundu, safi, hayana rangi. Nilikaa pale nikiyahesabu mpaka yakakoma. Mwendesha bodaboda alisimama akauliza kama nimeharibikiwa. Nikamwambia hapana, gari linatoa maji.

Mama alituona tunaingia uani jioni ya siku ya pili, baada ya kulala Morogoro. Alilizunguka gari akiligusa, kisha akafungua mlango, akatazama sakafu mpya iliyokwisha kupata vumbi la kwetu tangu Kibaigwa. "Baba yako angeziba," akasema.

"Ndiyo, mama. Kwa barabara zile, angeziba."

Akaenda kuleta ufagio. Yeye alifagia ndani, nami nikalala chali chini na kipande cha waya, nikaupitisha kwenye matundu yote kumi na mawili. Vumbi la Dodoma likamwagika kifuani kwangu, jekundu, kavu.